Grandmasta analipwa na nani? Jibu kwa mama wa Mwanza

Mama mmoja wa Mwanza ameniandikia barua ndefu, nami naifupisha: “Mwalimu, shikamoo. Binti yangu ana miaka 12, yuko darasa la saba. Sataranji alijifunza shuleni akiwa darasa la nne, na sasa hapa mtaani hakuna wa kumfunga, watoto kwa wakubwa. Kocha wake anasema ana kipaji cha kuwa grandmasta. Anatushauri mwakani asiingie kidato cha kwanza, akae nyumbani mwaka mzima acheze tu. Mimi nimevutika. Baba yake ameuliza swali moja ambalo kocha hakulijibu: huyo grandmasta analipwa na nani?”

Marahaba, mama. Baba wa nyumba hiyo ameuliza swali ambalo hata vijana wenye cheo chenyewe huchelewa kujiuliza, kwa hiyo nitalianza hilo kabla ya mengine.

Halipwi na mtu. Cheo cha grandmasta hakina mshahara, hakina posho ya mwezi, hakina pensheni. Siku unapokipata, wewe ndiye unayetoa hela: Shirikisho la Kimataifa la Sataranji, FIDE, hutoza ada ya euro 330 kwa ombi la cheo hicho, karibu shilingi milioni moja za kwetu. Ankara huenda kwa chama cha taifa, na chama kikiwa hakina kitu mfukoni unajua itaishia kwa nani. Cheo hiki ni kama leseni ya udereva: unaruhusiwa kuendesha, lakini gari utalitafuta mwenyewe. Wako wanaopata gari zuri. Wengi wana magari manne mabovu na wanayaendesha yote kwa zamu, na hao nitakueleza wanavyoishi. Kwanza nikuonyeshe cheo kinavyopatikana, maana fedha nyingi ya familia hupotelea huko njiani, kabla mtoto hajaitwa grandmasta.

FIDE ilianza kutoa cheo hiki rasmi mwaka 1950, kwa wachezaji 27. Leo waliokwisha kukipata ni kama elfu mbili duniani kote, na ukishakipata hunyang’anywi hata ukishuka kiwango. Masharti ni mawili. Alama zako za Elo, zile namba zinazopima nguvu ya mchezaji, zifike 2500 walau mara moja. Kisha upate nomu tatu, zenye jumla ya michezo isiyopungua 27. Nomu ni mashindano ambayo matokeo yako ndani yake yanalingana na ya mtu mwenye alama 2600.

Nikufanyie hesabu, maana makocha wengi huiruka. Chukua mashindano ya watu kumi, kila mmoja anakutana na wenzake tisa. Wapinzani wako wakiwa na wastani wa alama 2380, ambao ndio wastani wa chini kabisa unaokubalika kwa nomu ya grandmasta, unahitaji pointi 7 katika michezo 9. Wastani wao ukiwa 2475, pointi 6 zinatosha. Ukipata 5 na nusu huna nomu, na hakuna nusu nomu. Tiketi ya ndege, viza, chumba cha siku kumi na ada ya kushiriki vimekwenda kwa sababu siku ya mwisho ulikubali sare mahali ulipotakiwa kushinda. Tena wapinzani wako watoke nchi zisizopungua mbili mbali na ya kwako, na angalau watatu kati yao wawe magrandmasta.

Hilo sharti la mwisho lisome mara mbili, maana ndilo linalotuumiza sisi. Tanzania haijatoa grandmasta. Kenya haijatoa. Uganda, ambao kwa mchezo huu wametuacha mbali na wana masta wa kimataifa kama Arthur Ssegwanyi, nao bado. Masta wa kimataifa ni ngazi iliyo chini kidogo ya grandmasta. Sasa, kama eneo zima halina magrandmasta, huwezi kuandaa Mwanza, wala Nairobi, mashindano ya nomu bila kuwaleta hao watatu kutoka nje, kuwalaza, kuwalisha na kuwalipa. Kwa hiyo mtoto ndiye anayesafiri kuwafuata.

Nao magrandmasta wanajua wanahitajika. Kule Budapest kwa miaka mingi yamekuwapo mashindano yanayoanza Jumamosi ya kwanza ya mwezi, yaliyotengenezwa mahsusi kwa wanaotafuta nomu. Belgrade nako yapo ya aina hiyo. Vijana wanaotafuta cheo hulipa ada kubwa, na sehemu ya ada hiyo inakwenda kwa magrandmasta wazee waliokuja kukaa kwenye viti vyao vitatu. Ni ajira ya halali kabisa. Ila ndipo pia minong’ono ya nomu za kununua inapozaliwa, mzee anapotoka sare kirahisi kuliko anavyotoka siku nyingine. Abhimanyu Mishra, Mmarekani aliyeweka rekodi ya kuwa grandmasta mdogo kuliko wote akiwa na miaka 12 na miezi 4 mwaka 2021, alikwenda na baba yake Budapest na kukaa miezi, wakitoka mashindano haya kuingia yale. Yule mtoto ana kipaji kisicho na ubishi, lakini bila ile miezi ya Budapest rekodi isingekuwa yake.

Alama za Elo nazo zina mtego wake. Mchezaji akishavuka 2400, FIDE humhesabia mabadiliko kwa kizidisho cha 10. Maana yake ni hii: akicheza na mtu wa 2000 na kumshinda, anaongezewa alama 0.8. Akitoka naye sare, anakatwa 4.2. Akifungwa, 9.2 zimekwenda. Ashinde michezo mitano mfululizo kisha sare moja, ameshuka kuliko alivyoanza. Na mtu wa 2000 wa Dar es Salaam au Kampala mara nyingi ana nguvu kuliko namba yake, kwa sababu naye amekosa mashindano ya kupandishia. Mchezaji bora wa nchi ndogo kwa sataranji anacheza nyumbani kwake akiwa na mengi ya kupoteza na karibu hana cha kupata. Wengine huacha kabisa kucheza ligi za nyumbani ili kulinda alama, na siwalaumu, ingawa vijana walio chini yao ndio wanaokosa mtu wa kujipimia.

Ndiyo maana Waafrika waliofika wana hadithi zinazofanana kwa jambo moja: walipata pa kukutana na wapinzani. Slim Bouaziz wa Tunisia alikuwa wa kwanza barani, mwaka 1993. Amon Simutowe wa Zambia alishika nafasi ya pili katika mashindano ya dunia ya vijana mwaka 2000, akapata ufadhili wa kusoma Chuo Kikuu cha Texas kule Dallas, chuo chenye timu ya sataranji iliyojaa watu wa kiwango chake, na nomu ya mwisho akaipata Uholanzi mwaka 2007. Kenny Solomon, mtoto wa Mitchells Plain kule Cape Town, alipita mlango mwingine: alishinda ubingwa wa Afrika uliochezwa Windhoek mwaka 2014, na kwa sheria za wakati ule ubingwa huo ulimpa cheo moja kwa moja, akiwa hajawahi kufika 2500. Bassem Amin wa Misri ndiye Mwafrika wa kwanza kuvuka alama 2700. Mwambie mumeo na hili: Bassem Amin ni daktari wa binadamu, alisomea udaktari huku anacheza.

Sasa wanakula nini.

Walio juu kabisa wanakula vizuri. Pambano la ubingwa wa dunia la mwaka 2024 kule Singapore lilikuwa na zawadi ya dola milioni 2.5. Mchezaji alipata dola 200,000 kwa kila mchezo alioshinda, na Gukesh wa India, akiwa na miaka 18, aliondoka na dola milioni 1.35. Mshindi wa Kombe la Dunia la mwaka 2023 kule Baku, Magnus Carlsen, alipata dola 110,000. Ukiwa kati ya watu 30 wa kwanza duniani, unaalikwa: waandaaji wanakulipia ndege na hoteli, wanakupa fedha ya kuja hata kabla hujasogeza askari wa kwanza. Lakini mtu wa mia moja duniani, mwenye alama zinazozidi 2600, tayari anapiga hesabu ya tiketi kabla ya kukubali mwaliko. Na chini yake wapo magrandmasta zaidi ya elfu moja na mia tano.

Huyo wa kawaida, wa alama 2500 hivi, namjua kwa macho kutoka kwenye mashindano ya wazi ya Dubai, Sharjah na Abu Dhabi. Haya ni ya wazi kwa maana kwamba yeyote anayekidhi kiwango anajisajili, akalipa ada na kucheza. Grandmasta halipi ada, na mara nyingi chumba kinalipwa. Orodha ya nani anacheza na nani hutoka usiku. Hapo ndipo siku yake inapoanza: anafungua kompyuta, anavuta michezo yote ya mpinzani wa kesho, mia mbili au mia nne, anatafuta ni ufunguzi gani, yaani hatua zipi za mwanzo, yule kijana anaucheza kwa mazoea bila kuuelewa. Analala saa nane. Asubuhi anarudia mistari aliyoiandaa, anakula kidogo, saa tisa alasiri anakaa kwenye meza akiwa ameacha simu nje na kupitishwa kwenye kipima chuma. Dakika 90 kwa hatua 40 za kwanza, nusu saa nyingine kumalizia, na sekunde 30 zinazoongezwa kila anapocheza. Mchezo ukiwa mgumu anatoka saa mbili usiku. Mpinzani wake labda ni mtoto wa Kihindi wa miaka 13 mwenye alama 2250, ambaye kwa kweli anacheza kama mtu wa 2450. Akimfunga, hakuna anayempongeza. Akifungwa, picha ya mtoto inazunguka dunia nzima usiku huohuo. Kesho tena. Siku tisa.

Siku ya tisa utaona jambo linalowaudhi watazamaji: magrandmasta wawili wanakaa, wanacheza hatua 15, wanapeana mikono, sare. Watu huita woga. Tuseme zawadi ya tatu ni dola 2,000, ya nne 1,500, na kuendelea kushuka hadi 300 ya kumi. Mwenye pointi 6 na nusu akifungwa anarudi na dola sifuri, akishinda anapata labda 1,800, na kwa sare anagawana na wenzake saba na kupata 700. Ana kodi ya nyumba Belgrade au Tbilisi. Anaichukua ile 700. Mimi ningeichukua.

Halafu ana zile gari nyingine. Ya kwanza ni ligi za vilabu za Ulaya. Ligi kuu ya Ujerumani ina timu 16, watu wanane kila timu, na mechi zake hubanwa wikendi, kwa hiyo grandmasta wa Poland au Hungaria anaruka Ijumaa, anacheza Jumamosi na Jumapili, analipwa kwa mchezo, anarudi Jumatatu. Ukiwa na klabu Ujerumani, nyingine Ufaransa na ya tatu kwingineko, msimu umepatikana. Waliozaliwa Ulaya wana faida hapo: hawahitaji viza, na nauli ya treni si nauli ya kutoka Kilimanjaro.

Ya pili, na kwa wengi ndiyo inayolipa kodi, ni kufundisha. Bei ya grandmasta kwa saa moja mtandaoni huanzia kama dola 30 na kupanda hadi 100 na zaidi, kutegemea jina lake. Wanafunzi kumi wa kudumu ni riziki ya uhakika kuliko zawadi za mashindano kumi. Ubaya wake ni kwamba jioni ukimfundisha mtoto wa mtu kule Marekani hujifunzi wewe, na baada ya miaka mitatu alama zako zinaanza kuteremka taratibu.

Wapo wanaofanya kazi ya usaidizi, yaani kumwandalia mchezaji mkubwa mipango yake. Grzegorz Gajewski wa Poland aliongoza kundi lililomwandaa Gukesh kwa Singapore, na kazi hiyo hufanywa kimya kwa miezi. Wapo waandishi wa vitabu na kozi za mtandaoni. Kwa miaka mingi Chess.com imekuwa ikiandaa mashindano ya kila Jumanne ya wenye vyeo tu, mshindi akipata dola 1,000, ila usifurahi mapema: mezani unaweza kumkuta Carlsen au Hikaru Nakamura. Na wapo wanaorusha michezo mubashara. Hapo ndipo utaona cheo na kipato vinavyoachana njia, kwa sababu Levy Rozman, mwenye wafuasi wengi YouTube kuliko mchezaji yeyote wa sataranji, alijijenga akiwa masta wa kimataifa tu. Kipaji chake ni kuongea. Magrandmasta mia kadhaa wanaoweza kumfunga hawana hata sehemu ya mia ya kipato chake.

Ziko nchi ambazo kweli humlipa grandmasta. Katika Umoja wa Kisovyeti mchezaji mkubwa alipokea posho ya serikali na watoto walifundishwa bure katika majumba ya vijana. Mfumo ule ulipoporomoka mwaka 1991 mamia waliondoka kwenda Israel, Ujerumani na Marekani kutafuta pa kufundisha. India leo ina njia yake: mashirika ya umma, hasa ya mafuta, huajiri wachezaji na kuwapa ruhusa ya kwenda mashindanoni, mshahara ukiingia kama wa mfanyakazi mwingine. Viswanathan Anand alikuwa grandmasta wa kwanza wa India mwaka 1988. Sasa wamepita 80, na mwaka 2024 kule Budapest timu zao za wanaume na wanawake zilitwaa dhahabu zote mbili za Olimpiki ya Sataranji. Kwetu hakuna shirika la umma lenye nafasi kama hiyo, na usikubali mtu akuuzie ndoto ya Kihindi bila kukutajia nani atakuwa mwajiri.

Nirudi kwa binti, maana yeye ana mambo yake ambayo ushauri wa kocha haukuyagusa.

Wanawake wenye cheo kamili cha grandmasta hawafiki mia moja duniani, ni kama arobaini na kidogo. Judit Polgár wa Hungaria alikipata mwaka 1991 akiwa na miaka 15 na miezi 4, akavunja rekodi ya Mmarekani Bobby Fischer ya kuwa grandmasta mdogo kuliko wote, kwa masharti yaleyale ya wanaume. Mbali na hicho kuna ngazi za wanawake peke yao: kandideti masta kwa alama 2000, FIDE masta kwa 2100, masta wa kimataifa wa wanawake kwa 2200, na grandmasta wa wanawake kwa 2300, hizi mbili za mwisho zikiwa na nomu zake. Uliza kocha alimaanisha grandmasta gani. Tofauti ni alama 200, na alama 200 juu ya ngazi hiyo ni miaka ya maisha.

Fedha ya wanawake ni ndogo. Mwaka 2023 pambano la ubingwa wa dunia lililo wazi kwa jinsia zote lilikuwa na euro milioni 2, la wanawake euro 500,000. Lakini huku chini, tulipo sisi, mizani inageuka kidogo: mashindano mengi ya wazi yana zawadi maalumu za wanawake, timu za taifa zinahitaji wasichana, na washindani ni wachache. Hou Yifan wa China alikuwa bingwa wa dunia wa wanawake akiwa na miaka 16, akawa wa kwanza kwa mbali kati ya wanawake wote, na mwaka 2020 akaenda kuwa profesa Chuo Kikuu cha Shenzhen akiwa na miaka 26. Sikumwona akijuta.

Na yupo jirani. Phiona Mutesi wa Katwe, Kampala, alifundishwa na Robert Katende kwenye banda la vumbi, akapata cheo cha kandideti masta wa wanawake katika Olimpiki ya Istanbul ya mwaka 2012. Hakuwahi kuwa grandmasta, wala hakukaribia. Mwaka 2017 alikwenda kusoma Chuo Kikuu cha Northwest, jimbo la Washington kule Marekani. Nikiambiwa nichague maisha ya binti yako kati ya hayo na ya yule wa 2500 anayehesabu nauli ya treni kwenda Ujerumani, sitafikiri sana.

Hapo naliona jambo ambalo sataranji inaweza kumpa mtoto wa Mwanza kwa uhakika zaidi kuliko cheo: chuo. Vyuo kama Texas Dallas, Texas Rio Grande Valley, Webster, Saint Louis na Missouri vina timu na ufadhili wa sataranji. Viti vya kwanza huchukuliwa na magrandmasta kutoka nje, usidanganyike, ila msichana mwenye alama zinazoheshimika na matokeo mazuri ya kidato cha nne na cha sita ana cha kuandika kwenye barua ya maombi. Bila vyeti vya shule hana pa kuanzia hata akiwa na alama 2300.

Sasa ushauri wa kocha. Simdharau, kwa sababu ana hoja moja yenye nguvu ambayo pengine hakuieleza. Mchezaji aliye chini ya miaka 18 na chini ya alama 2300 anahesabiwa kwa kizidisho cha 40, si 10. Binti akimfunga mwenye alama sawa na zake anapata 20 kwa mkupuo. Hii ndiyo miaka ya kupanda haraka, na haitarudi. Ni kweli pia kwamba Gukesh aliacha shule ya kawaida baada ya darasa la nne. Lakini tazama kilichokuwa kimemzunguka. Baba yake ni daktari bingwa wa masikio, pua na koo aliyesimamisha kazi yake ili asafiri naye, mama yake akabaki analisha nyumba kwa mshahara wa maabara. Wakati nomu zinatafutwa walikuwa nje ya nchi mara kwa mara. Na pale Chennai kulikuwa na magrandmasta wa kumfundisha na vijana wenzake wa kucheza nao kila jioni. Jimbo lao la Tamil Nadu peke yake lina magrandmasta wengi kuliko nchi zote za Afrika kusini mwa Sahara kwa pamoja.

Binti yako akikaa nyumbani Mwanza mwaka mzima atacheza na nani? Na wale ambao amekwisha kuwafunga wote. Atabaki na simu. Simu si kitu kidogo, programu ya Stockfish ni ya bure na ina nguvu kuliko ile mashine iliyomfunga Garry Kasparov, bingwa wa dunia wa wakati ule, mwaka 1997, na Lichess, tovuti ya kuchezea sataranji, haina malipo yoyote. Carlsen hana kompyuta inayojua zaidi ya hiyo. Lakini hayo yote anaweza kuyafanya saa mbili kila jioni akitoka shule, na saa tano Jumamosi. Mwaka wa kukaa nyumbani ungekuwa na maana kama mngekuwa mmeshaulipia mashindano sita ya nje. Kama fedha hiyo haipo, basi huo ni mwaka wa likizo wenye jina zuri. Aingie kidato cha kwanza.

Fedha ambayo mngepoteza kwa mwaka huo iwekeni kwenye mambo mawili. Kwanza apate alama za FIDE kama hana. Kumfunga kila mtu mtaani hakuandikwi popote. Anatakiwa asajiliwe na chama cha taifa, apewe namba, kisha acheze mashindano ya masaa marefu yanayohesabiwa, Dar es Salaam au Nairobi, yale ambayo mchezo mmoja unachukua saa nne, maana mtoto aliyezoea michezo ya dakika tano huvunjika mgongo kwenye saa ya tatu. Kuanzia mwaka 2024 alama za FIDE zinaanzia 1400, hakuna chini yake. Akiingia na 1500 au 1600 akiwa na miaka 12, ni mwanzo mzuri kwa hali yetu, si wa ajabu kwa dunia.

Pili, safari moja kwa mwaka, wakati wa likizo, kwenda kwenye mashindano yenye watu wa kumzidi. Ubingwa wa Afrika wa vijana ni wa kwanza kufikiriwa, kwa sababu uko kwenye kalenda ya chama na mara nyingine chama hubeba sehemu ya gharama. Kundi la chini la mashindano ya Dubai au Sharjah ni la pili: ndege ni saa tano na ushee, na atakutana na watoto tisa wa aina ambayo Mwanza haipo. Atafungwa. Angalia anachofanya usiku baada ya kufungwa. Akifungua ubao mwenyewe na kutafuta alipokosea kabla hajala, hapo una jambo mkononi.

Nikupe na namba za kujipimia, ambazo ni maoni yangu na wengine wanaweza kubishana nazo. Akifika miaka 15 akiwa na 2000 hadi 2100, njia ya chuo iko wazi na vyeo vya wanawake vinakaribia. Akiwa amevuka 2200, basi mkae tena na kocha, na safari hii mzungumzie Budapest kwa kalamu na karatasi. Akiwa 1700, ana mchezo wa kumburudisha maisha yake yote, na shule haijaharibika.

Kabla ya kumjibu kocha, mwulize mambo matatu mbele ya mumeo: namba ya FIDE ya binti ni ipi, mashindano gani ya mwakani amekusudia acheze na kila moja litagharimu kiasi gani, na katika hayo atakutana na wapinzani wa alama ngapi. Kama ana majibu ya kuandikwa, ni kocha wa kushikamana naye. Majibu yake niandikie, pamoja na michezo mitatu aliyofungwa binti. Ile aliyoshinda mbaki nayo, hiyo haitanionyesha kitu.